Namna ya Kuchagua Taa za Kuingia Nazo Pangoni

Giza la pangoni si giza la usiku. Nje, hata usiku usio na mwezi, nyota zipo, na macho yakizoea kwa nusu saa hivi mtu huanza kuitambua njia. Ndani ya pango, ukishapita kona mbili tatu kutoka mlangoni, hakuna mwanga wowote ambao macho yanaweza kuuzoea. Kaa humo saa nzima umekodoa macho, hutaona hata kiganja chako. Taa ikizimika na huna nyingine, safari yako imeishia hapo ulipo, mpaka aje mtu mwenye taa.

Kwa sababu hiyo naanza na shauri ambalo dukani hulisikii mara nyingi. Kama fedha uliyonayo inatosha kununua taa moja kali ya kifahari, usiinunue. Nunua mbili za wastani zinazotumia betri za aina moja, kisha ongeza ya tatu ndogo. Yanayofuata ni namna ya kuzichagua, kuzijaribu na kuzitumia.

Hatua ya kwanza: lijue pango kabla ya kuijua taa

Mapango hayafanani, na taa iliyokufaa huku inaweza kukuangusha kule. Mapango ya Amboni, kaskazini kidogo ya mji wa Tanga, ni ya mawe ya chokaa. Ziara ya kawaida na mwongozaji si ndefu, lakini kuna mahali unainama, mahali unapita kwa kutambaa, na mahali dari linapanda juu ghafla. Chokaa ni jiwe la rangi nyepesi, linarudisha mwanga, na taa ya wastani inakuonyesha vizuri.

Sasa nenda Mlima Suswa au vilima vya Chyulu, Kenya. Huko mapango ni mirija iliyoachwa na lava: uji wa moto uliganda juu, wa chini ukaendelea kutiririka mpaka mrija ukabaki mtupu. Pango la Leviathan huko Chyulu lina urefu wa zaidi ya kilomita 10. Jiwe lake ni jeusi, na jeusi hunywa mwanga. Taa iliyokuridhisha Amboni utaiona imefifia humo, ingawa betri imejaa. Tena sakafu ni ya mawe yaliyovunjika, yenye ncha, na kila hatua inataka kuangaliwa. Halafu kuna mapango ya matumbawe ya pwani na visiwani, kama pango la Kuza kule Jambiani, Unguja, ambalo chini lina maji ambamo watu huoga. Hapo swali la kwanza ni kama taa inastahimili kuzama.

Kabla ya kununua chochote, muulize mwongozaji au mwenyeji wa eneo mambo manne: tutakaa ndani saa ngapi, kuna maji, kuna kutambaa, na kumbi zake ni kubwa kiasi gani. Ukishajua saa, zizidishe mara tatu. Akisema saa mbili, panga mwanga wa saa sita.

Usione hesabu hiyo ni ya woga. Juni 23, 2018, vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia pango la Tham Luang, Thailand, kwa matembezi ya baada ya mazoezi. Mvua ikanyesha, maji yakafunga njia. Wazamiaji waliwafikia Julai 2, na wa mwisho alitolewa Julai 10. Hakuna taa utakayobeba ikakumulikia siku zote hizo, na hakuna anayekudai hivyo. Lakini mvua ya ghafla, kifundo cha mguu kilichoteguka, au mwenzenu aliyekosea njia panda ni mambo ya kawaida, na kila moja linakula saa zako za mwanga.

Hatua ya pili: taa tatu kwa kila mtu

Hii ni desturi ya wavumbuzi wa mapango duniani kote, na nakuomba usiipunguze: kila mtu na taa tatu, kila moja ikijitegemea. Kujitegemea maana yake ni kwamba kuharibika kwa moja hakugusi nyingine. Taa mbili zinazochota umeme kutoka pawabenki moja ni taa moja.

Ya kwanza ni taa kuu, inakaa kichwani. Ya pili iwe na uwezo wa kukutoa nje peke yake, kwa hiyo isiwe kitu cha kuchezea. Taa nyingine ya kichwani inayofanana na ya kwanza ndiyo chaguo bora. Ya tatu ni tochi ndogo ya betri moja, imefungwa kamba, inaning'inia shingoni ndani ya shati. Kazi yake kubwa ni kukumulikia unapobadilisha betri za zile nyingine.

Simu haimo katika hizo tatu. Inakula mkono mmoja, kioo chake hakikubali vidole vyenye tope na maji, ikianguka juu ya jiwe imekwisha, na chaji yake utaihitaji ukitoka kama kuna mtu wa kumpigia. Iache ndani ya mfuko usiopitisha maji, ihesabu kuwa ya nne.

Walimu wanaopeleka wanafunzi pangoni, hapa nawasihi. Taa moja kwa watoto wawili haitoshi. Mtoto wa nyuma hutembea ndani ya kivuli cha mwenzake wa mbele. Anaona mgongo uliozungukwa na mwanga, haoni anapokanyaga. Kama bajeti haifiki taa tatu kwa kila mtoto, basi kila mmoja awe na yake ya kichwani na tochi ndogo shingoni, walimu na waongozaji wabebe akiba ya kundi zima, na safari iishie sehemu za karibu na mlango.

Hatua ya tatu: iwe ya kichwani, na ikae imara

Mikono miwili pangoni ina kazi: kushika mwamba, kujizuia usiteleze, kumpokea mwenzako. Tochi ya mkononi inakunyang'anya mmoja. Tena taa ya kichwani inamulika pale unapotazama, kwa hiyo huweki mkono mahali usipopaona. Hilo lina uzito katika mapango yenye popo. Watu wawili waliotembelea pango la Kitum, Mlima Elgon, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, waliugua homa ya Marburg na kufariki, na baadaye ilithibitika kwamba popo wa matunda wanaolala mapangoni hubeba virusi vyake. Usishike kinyesi, usishike popo, na muulize mwongozaji mapema kama pango lina makundi makubwa ya popo. Kama ni hivyo, mimi ningechagua pango jingine.

Vaa helmeti yenye mkanda wa kidevuni, ya wapanda milima ikiwezekana. Kofia ya ujenzi isiyo na mkanda inakuvuka mara tu unapoinama. Angalia kama helmeti ina vishikizo vya kushika mkanda wa taa, viwili mbele na viwili nyuma. Kama haina, mkanda utateleza na taa itakuangukia puani wakati umelala kifudifudi kwenye mwanya. Taa nzito ifungiwe mkanda wa pili unaopita juu ya utosi. Zile ambazo betri yake inakaa nyuma ya kichwa zina uwiano mzuri, ila kagua waya: ukining'inia kama kitanzi utanasa kwenye jiwe.

Jaribio lake halina gharama. Vaa kila kitu, ingia chini ya kitanda, tambaa, geuka, tazama juu, tazama kulia na kushoto. Taa ikihama mahali pake, rudi ukaikaze au uibadilishe.

Hatua ya nne: mwangaza kiasi gani

Kipimo kinachoandikwa kwenye boksi ni lumeni, yaani jumla ya mwanga unaotoka. Kwa kutembea taratibu kwenye njia nyembamba, lumeni 30 hadi 50 zinatosha. Kwa kazi nyingi za pangoni 100 hadi 200 ni mwanga wa raha. Zaidi ya 300 utazihitaji kwa muda mfupi tu, kutazama dari la ukumbi mkubwa au kutafuta njia ng'ambo ya shimo, na kwa muda mrefu zaidi kidogo katika mapango meusi ya lava.

Muhimu kuliko namba ni umbo la mwanga. Mwanga mpana unakuonyesha miguu yako, kuta na kichwa cha mwenzako kwa pamoja. Mwanga mwembamba unafika mbali lakini unakuachia giza pembeni, na kutembea nao ni kama kutazama dunia kupitia tundu la ufunguo. Taa kuu iwe na mwanga mpana, na kama ina swichi ya kuongeza ule mwembamba, vizuri zaidi. Ukilazimika kuchagua kimoja, chagua mpana.

Kuna jambo ambalo huligundui mpaka uwe ndani. Mapango mengi ya pwani yana joto na unyevu, na pumzi yako inafanya ukungu mbele ya uso. Taa iliyo kwenye paji inaupiga ukungu huo na unaona weupe mtupu. Hapo punguza mwanga, usiongeze, au shika taa ya pili chini, usawa wa kiuno. Mwanga unaotoka chini unapita kando ya ukungu, tena unachora vivuli vya kila jiwe na kila shimo sakafuni, ambavyo taa ya kichwani huvifuta kwa sababu inamulika kutoka karibu na macho yako.

Rangi nayo si urembo. Taa nyeupe inayoelekea samawati hufanya kila kitu kifanane, tope na mwamba havitofautiani. Ile inayoelekea unjano kidogo, inayoandikwa karibu 4000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), inaonyesha vizuri zaidi utelezi, mchanga na rangi halisi ya mawe.

Hatua ya tano: betri, ambako wengi hutapeliwa

Hapa ndipo pa kutulia. Taa ni betri; hayo mengine ni ganda.

Anza na hesabu inayokulinda dhidi ya maboksi yanayodanganya. Taa nzuri ya LED hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja. Betri moja nzuri ya lithiamu ya aina ya 18650 (upana milimita 18, urefu milimita 65) yenye mAh 3000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) ina takriban wati-saa 11, yaani inaweza kutoa wati moja kwa saa 11. Kwa lumeni 200 unatumia wati 2, kwa hiyo unapata saa tano na kitu. Kwa lumeni 100, saa kumi na zaidi. Kwa lumeni 1000 unatumia wati 10: saa moja, na taa itachemka mpaka ijipunguze yenyewe. Sasa ukiona sokoni taa ya kichwani ya bei ya chee imeandikwa lumeni 10,000, jiulize wati 100 zinatoka wapi. Hazipo.

Betri zenyewe huandikwa uongo vilevile. 18650 bora kabisa hubeba kama mAh 3500 au kidogo zaidi. Ukikuta imeandikwa 6800 au 9900, hiyo si kubwa, ni bandia, na mara nyingi haifiki hata 1500. Mizani ya jikoni inaweza kukusaidia: betri halisi ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Iliyo nyepesi mno iache dukani.

Soma pia saa zilizoandikwa kwa jicho la ukali. Kwa kipimo cha ANSI FL1 kinachotumiwa na watengenezaji wengi, saa huhesabiwa mpaka mwanga ushuke na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo «saa 40» inaweza kuwa saa chache za mwanga halisi na mlolongo mrefu wa kufifia. Tafuta taa ambayo maelezo yake yanasema mwanga wake hudhibitiwa, yaani unabaki palepale kwa muda mrefu, na ambayo inatoa onyo kabla ya kuzima, kwa kupepesa au kwa kitaa chekundu.

Ni aina gani basi ya betri? Ukikaa mjini na umeme upo, 18650 inayotoka na kubadilishwa ni nzuri sana: nyepesi, ina nguvu, na akiba moja inaongeza saa nyingi. Taa ambayo betri yake imezibwa ndani, haitoki, inachajiwa kwa waya tu, usiifanye taa kuu, maana ikiisha katikati ya pango huna la kufanya zaidi ya kuikalia na pawabenki. Lakini kama safari yako ni ya vijijini, siku kadhaa mbali na umeme, taa ya betri ndogo za AA ina faida moja kubwa: karibu kila duka linaziuza, wakati 18650 hutaipata. Chukua za alkalini au za kuchaji za nikeli (NiMH). Zile za bei rahisi za zinki, zinazouzwa kwa ajili ya saa za ukutani na rimoti, zina sehemu ndogo tu ya uwezo wa alkalini, na huvuja haraka.

Kanuni iliyobaki ni fupi: taa ya kwanza na ya pili zitumie betri za aina moja. Hapo akiba yako inaingia kokote.

Hatua ya sita: maji, tope na swichi

Alama ya IPX4 inamaanisha taa inavumilia kurushiwa maji, na kwa pango kavu inatosha. IPX7 inavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Hiyo ndiyo ningetaka kwa pango lolote lenye maji au tope. IPX8 inazidi hapo, kwa kina anachotaja mtengenezaji mwenyewe.

Usiamini alama peke yake. Toa betri, weka kipande cha karatasi ya chooni ndani ya nafasi yake, funga, zamisha ndani ya ndoo ya maji kwa nusu saa. Futa nje vizuri, fungua. Karatasi ikiwa kavu, taa imefaulu. Ikilowana, tazama ule mpira wa duara kwenye nyuzi za kizibo: huenda una mchanga au umepasuka. Usafishe, upake mafuta ya silikoni, ujaribu tena.

Swichi iwe kubwa kiasi cha kubonyezwa na kidole chenye glovu, ila isiwe laini hata ijiwashe ndani ya begi. Taa nyingi hufa hivyo, zikiwaka njia nzima kwenye basi bila mwenyewe kujua. Legeza kizibo nusu duara kabla ya safari, au tumia kifungio cha swichi kama kipo. Zilizo na njia nyingi za kuwaka, za kupepesa na za ishara ya hatari, ambazo lazima uzipitie zote kabla ya kufika unayoitaka, mimi sizipendi. Chini, kati, juu, inatosha.

Hatua ya saba: ijaribu nyumbani

Jaza betri, washa taa kwa kiwango cha kati saa moja ya jioni, uiache chumbani. Andika saa iliyoanza kufifia na saa iliyozima. Hiyo ndiyo namba yako, na ndiyo utakayopangia safari, si ya kwenye boksi. Fanya hivyo kwa kila betri, maana hata mbili zilizonunuliwa pamoja zinaweza kutofautiana.

Kisha fumba macho ubadilishe betri kwa kupapasa. Ujue upande wa chanya kwa kidole, ujue kizibo kinakazwa kuelekea wapi. Rudia mpaka mkono ujue wenyewe. Ukiona inakupa shida sebuleni umekaa kitako, taa hiyo itakutesa ukiwa umeinama majini.

Hatua ya nane: ndani ya pango

Washa taa zote tatu mlangoni, moja baada ya nyingine, kila mtu mbele ya mwenzake. Tumia kiwango cha chini kabisa kinachokutosha. Mkiketi kupumzika, wabaki wawili wamewasha, wengine wazime. Ukizungumza na mtu usimtazame usoni moja kwa moja. Inamisha taa, la sivyo unampofusha kwa dakika kadhaa. Popo waliolala usiwamulike, pita ukiwa umeelekeza mwanga chini, na kama taa yako ina rangi nyekundu itumie hapo.

Taa kuu ya mtu yeyote ikizima na haikufufuka kwa betri mpya, kundi zima linageuka. Hakuna kusema «bado kidogo tu». Mmeshaanza kutumia akiba, na akiba ni ya kutokea.

Mishumaa, koroboi na mienge iache nyumbani. Moshi wake unabaki mle ndani, masizi yanashika mawe yaliyochukua maelfu ya miaka kujichora, na nafasi iliyo finyu hukosa hewa upesi. Wavumbuzi wa zamani walitumia taa za kabaidi, zilizodondosha maji juu ya kalsiamu kabaidi na kuwasha gesi ya asetilini iliyotoka. Zilikuwa na mwanga mzuri wa njano, lakini ziliacha masizi na marundo ya chokaa chafu mapangoni, na tangu LED zije hakuna sababu ya kuzirudia. Mapango kadhaa ya pwani, Amboni likiwemo, ni mahali ambapo watu huenda kuomba na kuacha sadaka. Ukiona kitambaa, chungu au marashi, usivipige mwanga kwa udadisi wala kuvigusa. Mwongozaji atakuambia pa kusimama.

Ukisharudi

Osha taa kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla tope halijakauka, kizibo kikiwa kimefungwa. Fungua baadaye, ikiwa kavu. Chumvi ya pwani hugeuza vyuma vya mguso kuwa vya kijani; vifute kwa kitambaa chenye spiriti. Kama betri ya alkalini imevuja na kuacha unga mweupe, pamba iliyochovywa siki au maji ya limau itauondoa, kisha ukaushe.

Toa betri zote kabla ya kuhifadhi. Za lithiamu zibaki na chaji ya nusu hivi, kila moja ndani ya kasha lake la plastiki, zisigusane na sarafu wala funguo. Ukisafiri kwa ndege, za akiba zinakwenda kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo. Na zilizokufa pangoni, hata moja isibaki huko: zirudi kwenye begi, na zile za lithiamu zilizovimba zipelekwe kwa fundi wa simu au wakala anayepokea taka za kielektroniki, zisichomwe na takataka za nyumbani.